Mume na Mke Wanapotengeneza Nyumba



Kiangazi kimefika. Nyasi zimekauka, njia hazina matope tena, na kila nipitapo vijijini kufundisha dini naona watu wakipiga matofali. Huyu anachimba kichuguu kwa ajili ya udongo wake mzuri, yule anafunga fito, mwingine anahesabu mabati aliyoyaegemeza ukutani tangu mwaka jana. Ndiyo majira ya kutengeneza nyumba huku kwetu kando ya Tanganika, toka mwezi wa 5 hata mwezi wa 9, kabla mvua hazijarudi na kutuuliza tulifanya nini siku zile zote za jua.

Basi leo sitaendelea na mafundisho yetu kwa mpango wake wa kawaida. Nataka tuseme juu ya nyumba, na juu ya mume na mke wanaoketi jioni na kuulizana: Nyumba yetu tuitengeneze namna gani? Labda mmoja wenu atasema: Mwalimu, jambo hilo si la dini, ni la fundi. Ngoja kwanza, ndugu yangu. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alikuwa fundi wa miti miaka mingi kabla ya kuanza kuhubiri. Na Mwenye heri Isidori Bakanja, mwana wa nchi hii yetu ya Kongo, aliyebatizwa mwaka 1906 na kutangazwa Mwenye heri na Papa Yohani Paulo II mwaka 1994, alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka. Mikono yake ilijua udongo na chokaa kabla ya kushika rozari.

Tena katika Maandiko Matakatifu mna mume na mke walioongeza chumba katika nyumba yao, na mwandishi alijitaabisha kututajia hata vyombo walivyoviweka ndani. Kama Roho Mtakatifu hakuona haya kusema juu ya kitanda na kiti, nasi tusione haya.

Habari hiyo mtaikuta katika Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. (Wazee wetu waliozoea hesabu ya zamani wataitafuta katika Kitabu cha nne, maana zamani vitabu vya Samweli vilihesabiwa pamoja na vya Wafalme. Habari ni ile ile.)

Katika kijiji cha Shunemu, katika bonde la Yezraeli, si mbali na mahali ambapo Nazareti ilikuja kujulikana baadaye, palikuwa na mama mmoja mwenye mali. Jina lake hatuambiwi. Nabii Elizeo, ambaye wengine humwita Elisha, alikuwa akipita mara nyingi katika kijiji hicho, na mama huyo alimshika sana aingie kwake ale chakula. Ikawa desturi: kila apitapo, hula pale. Siku moja mama akasema na mumewe. Alimwambia kwamba anamtambua mtu huyu kuwa mtakatifu wa Mungu, na akashauri wamjengee chumba kidogo huko juu ya nyumba, chenye kuta zake, wamwekee kitanda na meza na kiti na taa, ili kila akija apate mahali pa kukaa.

Yafaa mwelewe nyumba zao zilivyokuwa. Paa zao hazikuinama kama zetu. Zilikuwa tambarare, za boriti na matawi, na juu yake udongo ulioshindiliwa. Watu walipanda juu yake kupunga upepo jioni, kuanika mavuno, hata kulala. Ndiyo maana Sheria ya Musa iliwaamuru waweke ukingo pembeni, mtu asianguke na kufa. Kujenga chumba huko juu ilikuwa kazi ya gharama, si kama kuegemeza banda la kuku. Mara nyingi ngazi ya kupandia ilikuwa nje, na mgeni aliingia na kutoka bila kupita mahali wenye nyumba walipolala. Ngazi hiyo muiweke moyoni. Tutairudia.

Sasa angalieni. Mama ndiye mwenye mali katika habari hii, tena ndiye aliyekuwa na wazo. Angeweza kuwaita mafundi na kuwalipa, mumewe akirudi toka shambani akute kuta zimesimama. Hakufanya hivyo. Alisema na mumewe, na maneno yake yote yalikuwa ya watu wawili: tujenge, tuweke. Mume hatuambiwi alijibu nini. Twaona tu kwamba baadaye nabii anakuja, chumba kipo, naye anapanda kulala. Basi yule mume alisikia, na alichokisikia akakitenda.

Nilifundisha habari hiyo miaka mingi bila kuisikia mwenyewe. Nitawasimulia yaliyonipata, ijapokuwa si ya kunipa sifa.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi, vyumba 2, na nyuma yake jiko la miti na udongo. Tuna watoto 5. Paa lilikuwa likivuja mahali pengi hata masufuria hayakutosha kukinga maji, na ukuta wa upande mmoja ulikuwa umeliwa na mvua, kwa sababu aliyeezeka alifanya upenu mfupi mno. (Aliyeezeka ni mimi.) Tulikuwa tumeweka akiba miaka kadhaa, franka moja moja: mahindi, maharagwe, mshahara wangu wa shule, tena biashara ya dagaa wakavu ya mke wangu. Nikisema kweli, karibu nusu ya mali ile ilitoka katika dagaa wale.

Siku moja, wanafunzi wakiisha kwenda kwao, nilibaki darasani na kuchora nyumba mpya katika karatasi ya daftari yenye miraba, kwa rula na kalamu iliyochongwa vizuri. Mbele niliweka barza ya simenti, pana, na nguzo 2 zilizopakwa chokaa. Nilijiona nimekaa pale na Padri, na mkaguzi wa shule, na wazazi wa watoto wakija kuniamkia. Juu niliandika mabati. Nyuma nilivipanga vyumba kama nilivyoona vema.

Usiku nikamwonyesha mke wangu mbele ya taa. Akaitazama karatasi muda mrefu. Akauliza: “Na jiko?” Nikasema: “Jiko litabaki vile lilivyo.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Ni vema, baba watoto.” Basi nikafurahi. Kesho yake niliwaambia walimu wenzangu: Mke wangu amekubali, tutaanza mwezi wa 6.

Wiki ile ile nilikuwa nikiwatayarisha mume na mke wanane, jozi nne, waliokuwa karibu kubatizwa na kubarikiwa ndoa zao. Nilikuwa nikiwaeleza jinsi Padri anavyomwuliza mwanamume, naye hujibu kwa kinywa chake. Kisha anamwuliza mwanamke, naye hujibu kwa kinywa chake. Baba hajibu badala ya binti, wala mjomba, wala mume. Mzee mmoja akainua mkono. Akasema: “Mwalimu, kwetu mwanamke akiulizwa na kunyamaza, ndiyo kusema amekubali. Je, Padri hatakipokea kimya?” Nikamjibu upesi, kwa sauti ya mtu anayejua: “Hapana, mzee. Padri atangoja. Asiyeweza kusema atatoa ishara, nayo yatosha. Lakini yule anayeweza kusema asiposema, hapana ndoa.”

Wote wakaandika moyoni. Nami nikachukua njia ya kurudi nyumbani.

Njia ile ni ya nusu saa. Sikufika nusu yake kabla maneno yangu mwenyewe hayajanirudia. Padri atangoja. Na mimi je, nilingoja? Siku ya ndoa yetu mbele ya altare nilitaka nisikie sauti yake, tena nilikuwa natetemeka isije ikakosa kusikika. Sasa nyumba ambamo atapika na kuzaa na kuugua na kuzeeka, nimeridhika na neno moja alilolisema akitazama chini.

Nilimkuta akichagua maharagwe. Nikamwambia: “Mama watoto, juzi ulisema ni vema. Je, ni vema kweli?”

Hakuinua macho. Akasema: “Baba watoto, uliniuliza karatasi ikiwa imekwisha kuandikwa.”

Nikaketi chini. Nikamwambia: “Basi sema kama vile karatasi ni nyeupe.”

Alianza na mambo madogo, kama afanyavyo mtu anayejaribu maji kwa mguu. Alisema juu ya moshi. Jiko letu lilikuwa na mlango mmoja tu, na moshi ulikaa ndani kama mgeni asiyejua kuaga; macho yake yalikuwa mekundu kila jioni, na mtoto wetu mdogo anayebebwa mgongoni alikohoa tangu mvua za kwanza. Mimi niliyaona macho yale kila siku na nilidhani ni uchovu. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 3 na zaidi walikufa mwaka 2020 kwa sababu ya moshi na hewa chafu za kupikia nyumbani, na wengi wa wanaouvuta ni mama na watoto wadogo. Kisha alisema kwamba wavulana wetu wakubwa hawafai kulala tena chumba kimoja na dada zao. Hilo nalo lilikuwa kweli, na katika mchoro wangu mzuri nilikuwa nimelisahau, kwa kuwa barza ilikuwa imekula mahali pale.

Kisha akanyamaza tena. Safari hii nilingoja.

Ndipo akasema juu ya mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa akikaa peke yake katika kijiji chao, mwendo wa nusu siku. Macho yake yalikuwa yamefifia, na sasa yalikuwa karibu kuzimika. Miezi 2 iliyopita alipapasa kutafuta chungu, akaweka mkono ndani ya moto. Mke wangu alijua miezi ile yote 2, wala hakuniambia.

Nikamwuliza: “Kwa nini hukusema?” Akajibu: “Ningesema nini? Wewe ni mkwe wake. Hamwezi kulala chini ya paa moja. Ningekuomba uvunje heshima?”

Ninyi mnajua desturi hiyo. Kwa makabila yetu mengi mkwe na mama mkwe hawalali nyumba moja, hawali chombo kimoja, na wakikutana njiani mmoja hujitenga. Sitaki mtu yeyote aicheke. Ni heshima, na heshima ni mti mzuri ambao babu zetu waliupanda. Lakini nilikumbuka jinsi Bwana wetu alivyowakemea Mafarizeo waliosema kwamba mali yao imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo hawawezi kumsaidia baba wala mama. Walilishika neno takatifu na kulifanya kisingizio. Nami je? Desturi inaniagiza nimheshimu mama yule. Mahali gani inaniagiza nimwache aungue peke yake?

Tulikaa hivyo mpaka taa ilipungukiwa mafuta. Na aliyepata njia ni mke wangu. Alisema: “Yule nabii wa Shunemu, aliingia kwa mlango gani? Nadhani hakupita katikati ya vitanda vya wenye nyumba.”

Mimi niliyekuwa nikifundisha habari ya ile ngazi, sikuwa nimeipanda.

Asubuhi hatukuchukua karatasi. Mke wangu alileta kikapu cha majivu toka jikoni, nasi tukachora nyumba uwanjani kwa majivu, kwa ukubwa wake wenyewe, kuta zote na milango yote. Nawashauri ninyi nyote mfanye hivyo kabla ya kupiga tofali la kwanza. Majivu hayana bei, na ukikosea wafuta kwa mguu. Watoto tuliwaambia walale chini mahali pa vitanda vyao, nao walicheka sana, lakini tuliona wazi kwamba chumba cha wavulana hakiwatoshi. Mke wangu akaweka chungu kichwani, akatembea toka jikoni mpaka mlango wa nyuma. Mahali pa kona alishindwa kupita bila kugeuka upande. Rula yangu haikuniambia jambo hilo.

Chumba cha mama tulikiweka mwisho wa nyumba, upande wa mashariki, jua la asubuhi lipate kumwotesha. Ukuta wa katikati, kati yake na sisi, ni mzima, hauna mlango. Mlango wake wafungukia uwanja na kutazama jiko, ambapo mke wangu na wasichana wako karibu mchana kutwa. Mlango wetu sisi watazama njia. Juu yake tuliamua kuweka paa la peke yake, la nyasi, lililo chini kidogo ya lile la nyumba kubwa, ili mtu yeyote akiuliza ajibiwe kwa kuonyeshwa: paa 2, milango 2. Hakuna kizingiti cha kumkwaza. Na toka mlango wake mpaka choo tulipanga kusimamisha miti midogo na kufunga ufito mrefu juu yake, ili apite akishika kwa mkono bila kumwita mtu. Wazo la ufito ni la mwanangu wa 3, mwenye miaka 9.

Jiko tulilihamisha upande wa kaskazini, ili upepo wa kusini wa kiangazi usirushe cheche juu ya nyasi, na tukaliachia matundu makubwa 2 yanayotazamana, juu, chini ya paa. Moshi unapanda, unakuta njia, unaondoka. Wale wenye jiko la mlango mmoja, hilo mnaweza kulifanya hata kesho, kwa panga na mikono yenu.

Kisha tuliketi kuhesabu. Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama zake, asije akaacha msingi peke yake na kuchekwa na wapita njia. Tulihesabu mara 3. Mali ilitosha mabati ya nyumba kubwa, na milango, na simenti kidogo. Ama barza na nguzo zake, ama chumba cha mama na jiko. Vyote pamoja, hapana.

Ninaungama kwamba nilishindana siku 2. Nilisema juu ya wageni, na juu ya heshima ya mwalimu, na kwamba mkaguzi hawezi kuketishwa katika vumbi. Mke wangu aliniacha nimalize, kisha akasema: “Baba watoto, wageni huketi saa moja. Mama atalala kila usiku.” Msidhani lakini kwamba yeye ndiye aliyeshinda kila neno. Kwa kupunguza gharama yeye alitaka nyumba nzima iezekwe nyasi. Nilimwonyesha kwamba nyasi nzuri sasa zakatwa mbali sana, tena kila baada ya miaka michache lazima kuezeka upya. Mabati yanapiga kelele wakati wa mvua na joto lake mchana ni kubwa, kweli, lakini yatakaa mpaka watoto wakue. Akafikiri usiku mmoja, akakubali. Safari hii aliniambia sababu zake za kukubali, nami nikajua ni ndiyo ya kweli.

Ilibaki kwenda kwa kaka zake, maana mama hachukuliwi kama mzigo wa kuni. Nilipeleka kuku na kitambaa, na mzee mmoja wa ukoo wetu alisema kwa niaba yangu. Kaka mkubwa aliuliza swali moja tu: mlango wake unatazama wapi? Tukamweleza. Alikaa kimya, akatikisa kichwa polepole, akasema aje. Majirani walisema sana, na wengine wanasema hata leo.

Nirudi Shunemu, maana habari yenyewe haijaisha. Wakati mume na mke wale walipojenga chumba, hawakuwa na mtoto, na mume alikuwa mzee. Nabii alitaka kumlipa mama fadhili zake, akamwuliza kama anataka asemewe kwa mfalme. Mama alikataa; alijibu kwamba anakaa vizuri kati ya watu wake. Hakujenga ili alipwe. Ninyi nanyi msijenge chumba cha mzazi au cha mgeni mkimwekea Mungu deni. Mungu hadaiwi. Lakini kwa mapenzi yake alimpa mama yule mtoto wa kiume, na mtoto akakua. Siku ya mavuno alikwenda shambani kwa baba yake, akaanza kulia kichwa, kichwa. Wakamrudisha kwa mama yake, akakaa juu ya magoti yake mpaka adhuhuri, akafa.

Mama alimpeleka wapi? Hakumlaza juu ya kitanda chake mwenyewe. Alipanda naye mpaka kile chumba, akamlaza juu ya kitanda cha mtu wa Mungu, akafunga mlango. Akamwomba mumewe punda na mtumishi. Mume akashangaa kwa nini aende kwa nabii siku isiyo ya sikukuu. Hata hivyo hakumzuia. Akaenda mpaka mlima Karmeli, wala hakukubali kurudi bila nabii mwenyewe. Elizeo akaja, akapanda, akafunga mlango, akasali, na mtoto akapiga chafya mara 7, akafumbua macho.

Fikirini: siku ile walipokuwa wakichagua miti ya kitanda kile, wakibishana labda kama kiwe kirefu au kifupi, hawakujua ni nani atakayelazwa juu yake. Mgeni alikuwa mmoja machoni pao. Mungu aliona wawili.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulilinganisha jamaa ya Kikristu na Eklezia ya nyumbani. Wengi wakisikia hivyo hufikiri juu ya msalaba ukutani na sala ya jioni, na ni vema. Mimi nafikiri pia juu ya tundu la moshi. Naye marehemu Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya mapendo katika jamaa, aliwaasa mume na mke wapeane muda wa kusikilizana mpaka mwenzi amalize yote aliyo nayo moyoni. Ninyi wanaume mtakaobatizwa Pasaka ijayo, mnapotaka kutengeneza nyumba, nendeni kwa wake zenu na karatasi nyeupe, au na kikapu cha majivu, na mkiisha kuuliza mngoje. Ninyi mama, msiseme “ni vema” kama si vema. Mke wangu mwenyewe ameniruhusu niandike kwamba neno lile moja lilimwuma zaidi kuliko moshi, na kwamba alilipeleka katika kitubio.

Mama mkwe wangu aliingia katika chumba chake kabla ya mvua za kwanza. Si mkristu, na sijui kama ataomba Ubatizo. Mimi siwezi kumwuliza, na watoto wamekatazwa kumsumbua. Ila jioni tunaposali, anatusikia kupitia ukutani, na mtoto akiruka maneno katika Salamu Maria, tunasikia fimbo yake ikigonga ukuta mara 2, mpaka mtoto arudie.

Barza yetu ingali ya udongo. Mkaguzi alikuja mwezi wa 11. Tulimpa benchi la shule chini ya mwembe, akala dagaa wa mke wangu na kuomba tena.

Sasa mama analalamika kwamba dirisha lake liko chini mno, baridi ya usiku inamwingia miguuni, na labda ni kweli, maana nililipima kwa haraka. Kiangazi hiki nitalipandisha. Nilimwuliza kwanza mke wangu liwe juu kiasi gani, akasema lazima aulizwe mwenye chumba. Basi jana tumemtuma mtoto.